Shajara ya Mama Jezi

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Sindano ya pampu imekatikia ndani ya mpira. Mwalimu alikuwa akijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, watoto wamemzunguka, pampu ikabaki mkononi na sindano ikabaki ndani. Mpira tulio nao ni huo mmoja. Mwalimu akapanda baiskeli kuupeleka kwa fundi kule Ng'ambo, na mazoezi ya saa kumi yakaanza saa kumi na moja na robo.

Muda wote huo watoto hawakukaa. Walifunga matambara na mifuko kwa kamba, wakaweka ndala kuwa magoli, wakacheza chandimu chini ya miembe, wavulana kwa wasichana. Mimi nilikaa juu ya gunia la jezi nikiwatazama. Goli moja lilizua ubishi: huyu anasema mpira umepita juu ya ndala, yule anasema umepita ndani. Wakapigizana kelele, kisha msichana aliyekuwa mdogo kuliko wote akasema ipigwe penalti. Ikiingia ni goli, ikitoka si goli. Ikapigwa, ikaingia, wakaendelea. Mtu mzima hakusema neno, na hakuna mtoto aliyelia. Naliandika hili kwa sababu Jumamosi ijayo tunacheza na timu ya kata ya jirani, na wazazi watakuwepo.

Jumatatu, 4 Novemba

Mbuzi amekula kola ya jezi namba tano. Ilikuwa kwenye kamba, kamba ikalegea, mbuzi wa jirani akafika. Jezi hizi ni za mchango wa wazazi na nyingine zinawafika watoto magotini, lakini ndizo tulizo nazo. Tangu nipokee kazi ya kuzifua hakuna anayeniita kwa jina langu tena. Naitwa Mama Jezi, na wenzangu wanaitwa hivyohivyo kwa kazi za watoto wao: Baba Kipa, Mama Namba Saba.

Jioni jirani alibisha hodi. "Mwadila, mama." "Mwadila." Alikuja na kipande cha kitenge na uzi, akaishona kola mpya mwenyewe pale kibarazani, hakutaka nimsaidie. Kitenge kina maua ya njano na jezi ni ya bluu. Namba tano aliitazama, akauliza kama refa atamruhusu kuivaa. Nikamwambia ataruhusiwa.

Jumatano, 6 Novemba

Chokaa imekwisha. Tulichora mistari kwa majivu, ukaja upepo ule wa kabla ya mvua, na hadi saa kumi na mbili mstari wa pembeni ulikuwa umetapakaa upana wa hatua mbili. Baba wawili walibishana kama mpira ulitoka au haukutoka. Yalikuwa mazoezi. Watoto walisimama kuwasubiri wamalize.

Alhamisi, 7 Novemba

Umeme ulikatika Tabora United ikiwa uwanjani na Yanga. Kibanda cha kuonyeshea mpira kikatoka chote nje, watu wakajazana kwenye redio ya simu ya fundi viatu. Mchezo ulikuwa Chamazi, Dar es Salaam, na tulikwishazoea kusikia habari za huko zikiwa mbaya kwetu. Usiku matokeo yakapita mtaani kwa sauti: Yanga 1, Tabora United 3. Hii ni timu ambayo Agosti 2023 ilianza ligi kuu ikiwa na wachezaji wanane tu uwanjani, na mchezo wake na Azam ukavunjika mapema ikiwa nyuma kwa mabao 4-0. Na Yanga ni bingwa wa misimu mitatu mfululizo.

Baba Kipa ni Yanga wa kufa na kuzikana. Kabla hajalala alikuta machungwa matatu yamepangwa mlangoni kwake. Alitoka nje, akamenya moja akalila mbele za watu, akashukuru kwa chakula cha usiku na kuwakumbusha kwamba kuna mzunguko wa pili. Tulicheka hadi watoto wakaamka.

Nimekaa na jambo hili baada ya kuzima taa. Sisi tumelelewa kwenye utani. Mnyamwezi na Msukuma wanataniana hata msibani, na utani wetu na watu wa njia ya pwani ulikuzwa na misafara, wapagazi walipopita na kurudi miaka nenda miaka rudi. Utani una masharti yake ambayo hayakuandikwa popote: unamtania anayeweza kukujibu, na anayejua kwamba kesho atakuta mlango wako wazi. Machungwa yale yalikuwa halali kwa sababu Baba Kipa alikuwa na la kujibu. Mtoto wa miaka kumi na moja mwenye mpira mguuni hana la kumjibu mtu mzima anayempigia kelele kutoka pembeni. Hana nafasi, hana pumzi, na adabu aliyofundishwa haimruhusu. Tunayowafanyia watoto kwenye mstari wa uwanja tunayaita utani kwa sababu jina hilo linatupa ruhusa.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumefungwa 4-1.

Filimbi ya refa iliingia mchanga na kukataa kulia, kwa hiyo kipindi cha kwanza alichezesha kwa kupiga makofi na kuinua mkono. Refa ni kijana wa kidato cha tatu. Embe lilianguka katikati ya uwanja, na namba kumi na moja akalipiga teke akidhani ni mpira wa pili. Kola ya kitenge haikuleta shida yoyote.

Shida ilikuwa kwetu. Baba Kipa alisimama nyuma ya goli la mwanawe. "Toka! Rudi! Kushoto! Kushoto kwako! Wewe mtoto husikii?" Sauti yake ilifika hadi barabarani. Nilimtazama yule mtoto. Kila mpira ulipomkaribia, kabla hajaamua, aligeuza shingo kumtazama baba yake. Goli la tatu liliingia akiwa ametazama nyuma. Mshambuliaji wa wale wengine alipiga mpira wa taratibu tu, naye hakuuona hadi ulipompita miguuni. Baba akashika kichwa kwa mikono miwili.

Mama Namba Saba naye alikasirika binti yake alipotolewa, akaingia uwanjani hadi kwenye duara la katikati kumuuliza mwalimu. Mwalimu alimweleza kwamba atamrudisha, na kweli akamrudisha. Mama huyu hakujua kama inaruhusiwa, na nadhani wengi hawajui: IFAB, ile bodi ya dunia inayotunga sheria za soka, inaacha nafasi kwa mashindano ya watoto kuwa na uwanja mdogo, mpira mdogo na mwepesi, muda mfupi, na mchezaji aliyetoka kurudi tena. Sheria yenyewe imekubali kwamba mtoto si mtu mzima aliyefupishwa. Kwa nafasi hiyo mwalimu wetu huhakikisha kila mtoto aliyevaa jezi anacheza, na mimi namuunga mkono hata tukifungwa kwa ajili hiyo. Mtoto aliyeamka alfajiri kuchota maji ili awahi uwanjani, kisha akakaa kwenye benchi hadi mwisho, amejifunza jambo moja tu, na jambo hilo si soka.

Kisha likaja lile la mkono. Mpira uligonga mkono wa beki wao, au haukugonga. Refa akaacha mchezo uendelee. Kutoka upande wetu sauti ikasema, "Refa, umekula shilingi ngapi?" Watu wakacheka. Baada ya mchezo nilimkuta yule kijana amekaa nyuma ya mwembe, soda yake haijafunguliwa. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." "Kwani mama, nimekosea wapi?" Nilimwambia kwamba nilipokuwa sikuona vizuri, na kwamba nilimwona akikimbia dakika zote bila kuchoka. Hakujibu. Kosa la jinai ndilo alilosingiziwa mbele ya watu, akiwa na miaka kumi na sita, kwa kazi ya kujitolea.

Jumapili, 10 Novemba

Nimekwenda kwa Baba Kipa. Mlangoni mkanda wa kiatu changu ulikatika, nikaingia nimeshika kiatu mkononi. Mkewe alitenga chai.

Jana niliwaona wakirudi nyumbani, baba mbele na mtoto nyuma, njia nzima anahesabiwa: la kwanza hukutoka, la pili ulilala mapema, la tatu sijui ulikuwa unatazama nini. Nilimwambia nilichokiona, kwamba mtoto alikuwa anamtazama yeye. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba anataka mwanawe afike mbali, achaguliwe UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, na kwamba dunia humkumbuka mshindi.

"Kaka, nani alishinda mbio za marathoni Mexico mwaka 1968?"

Hakujua.

"Na wa mwisho?"

Hata hakufikiri. "John Stephen Akhwari."

Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari wetu alianguka njiani, akaumia goti, na akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye goti limefungwa bendeji, watu wengi wamekwishaondoka. Kila mtoto aliyesoma shule za Tanzania amesikia habari zake. Mamo Wolde anastahili heshima yake yote. Alikimbia vizuri kuliko wote siku ile. Lakini Baba Kipa mwenyewe ndiye aliyetoa jibu, sikumfundisha.

Alinisindikiza hadi barabarani. Alinifungia mkanda wa kiatu kwa waya.

Jumatano, 13 Novemba

Mzazi mmoja ameleta mtoto mpya na nakala ya cheti. Cheti kinasema miaka kumi na miwili. Mtoto mwenyewe, alipoulizwa na mwalimu yuko darasa la ngapi, alitaja kidato. Mzazi akasema amechanganyikiwa. Mwalimu akaomba kadi ya kliniki. Kadi ilipoletwa, mvua ya jana ilikuwa imeilowesha na mwaka wa kuzaliwa ndio uliokuwa umefutika.

Kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri, si jambo dogo katika nchi hii. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji, na Zimbabwe ikaenda badala yetu. Vijana wote wa kikosi kile walilipa, pamoja na wale ambao vyeti vyao vilikuwa safi. Mwaka 2017 ikatokea kinyume: Kongo Brazzaville waliotutoa waliondolewa kwa shauri la umri, na sisi tukaenda Gabon. Siku hizi kifundo cha mkono hupigwa picha ya MRI kuangalia kama mfupa umekwisha kufunga, kipimo ambacho FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana mwaka 2009. Sisi hapa Tabora hatuna haja ya MRI. Mama aliyemzaa anajua.

Linaloniuma zaidi ni mtoto mwenyewe. Alisimama pale akisikiliza watu wazima wakipunguza miaka yake, na alijua. Ametumwa aseme uongo na mtu yuleyule anayemwadhibu kwa uongo. Mwalimu hakumfukuza wala hakumpigia kelele mzazi. Alimwambia kijana tuna shida ya mshika kibendera, akamkabidhi kibendera, na jioni nzima alikimbia na mstari akionyesha nani ameotea. Ana jicho zuri. Mpini wa kibendera ulivunjika. Ametengeneza mwingine wa mti wa mpera.

Jumamosi, 16 Novemba

Kirikuu iliyotupeleka Kwihara haikurudi kutuchukua. Dereva alipigiwa, akasema yuko njiani; alipopigiwa tena simu ilikuwa imezimwa. Tulikuwa tumewapeleka watoto kufanya mazoezi mepesi na kuliona tembe alimokaa Livingstone. Watoto walipochoka kungoja niliwaeleza kwamba mwaka 1872 yeye naye alingoja hapahapa, tangu Stanley alipoondoka Machi hadi Agosti, wapagazi wafike kutoka pwani. Namba tisa akauliza kama alikuwa na embe. Miembe ya njia ya misafara ilikuwepo, ndilo jibu nililompa, na hilo likawafanya wainuke kutafuta.

Mwishowe tulitembea kurudi mjini. Nikagawa mizigo: kipa akabeba koni, namba kumi na moja chupa mbili, msichana wetu mdogo akabeba pampu peke yake, mimi na mwalimu tukabeba ndoo na gunia. Njiani nilimkumbuka Burton, yule msafiri Mwingereza. Alifika Kazeh, yaani hapa, Novemba 1857, na aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba hubeba pembe ndogo ya ndovu begani, wakijizoeza kazi ya baba zao. Akawafananisha na mbwa wadogo wa kuwinda. Mfano huo ni wa dharau na sikuwasimulia watoto. Lakini udogo wa pembe ile aliuona. Mtu mzima alibeba kilo thelathini na zaidi kwa miezi hadi Bagamoyo, na mtoto wake alibebeshwa kinacholingana na bega lake. Wazee wale, katika biashara ngumu na yenye damu nyingi, walijua kupima mzigo wa mtoto. Sisi tunamtwisha wa miaka kumi na moja ndoto za nyumba nzima: ada, jina la mtaa, na mpira tulioshindwa kuucheza wenyewe.

Mvua ilitukuta kabla ya kufika. Jezi zote zimelowa, itabidi zifuliwe tena.

Jumatano, 20 Novemba

Kikao cha wazazi chini ya mwembe. Benchi moja lilivunjika Mama Namba Saba na wenzake walipolikalia, hakuna aliyeumia. Kalamu ya katibu ilikauka, mihtasari imeandikwa kwa penseli.

Tulipatana haraka kwamba maelekezo ya uwanjani ni ya mwalimu peke yake na kwamba hakuna mzazi atakayevuka mstari. Kuhusu refa, iliamuliwa kwamba hakuna wa kumsogelea mpaka amekwisha kunywa maji na kukaa, na akishakaa ni mwalimu atakayezungumza naye. Kilichochukua muda ni kelele. Mama Namba Saba alisema mpira bila kelele ni msiba, na kwamba yeye hawezi kukaa kama yuko mahakamani. Nakubaliana naye. Mwaka 2022 mashindano ya taifa ya UMITASHUMTA na yale ya sekondari, UMISSETA, yalipokuwa hapa Tabora mji mzima ulipendeza kwa ajili ya kelele zile. Mtoto anahitaji kusikia jina lake likishangiliwa. Asichokihitaji ni kuambiwa aende kushoto na watu saba kwa wakati mmoja.

Baba Kipa aliomba kusema. Nilidhani atapinga. Akasema wazazi wa kata ya jirani waje wasimame upande wetu, tusikae pande mbili. "Kama ni utani, tutaniane sisi. Mimi nina machungwa yangu bado." Ikapita. Na mimi nikaongeza la njia ya kurudi nyumbani: mtoto ndiye aanze kuuzungumzia mchezo, na asipouzungumzia, wazungumze ugali. Baba mmoja alinuna. Alisema yeye atazungumza na mwanawe anavyotaka. Hatukumlazimisha, kwa sababu hatuwezi kuingia naye nyumbani kwake.

Jumamosi, 23 Novemba

Mchezo wa marudiano, uwanja wetu. Mistari tumechora kwa chokaa, mvua ikanyesha saa nane, tukachora tena.

Wazazi walisimama pamoja. Mwanzo ilikuwa vigumu. Watu waliacha nafasi katikati, kama kwenye picha ya harusi ya koo zisizojuana. Kisha mzee mmoja wa upande wao, Msukuma, akamwambia Baba Kipa kwamba Mnyamwezi hajui mpira, anajua kubeba mzigo tu. Baba Kipa akamjibu kwamba ndiyo, na leo mzigo ni huo wa magoli mtakaobeba kwenda nao kwenu. Hapo ikaisha nafasi ya katikati. Baba Kipa alikuja na muwa mrefu, na mpira ulipokwenda golini kwetu aliuma muwa. Tulipofungwa la kwanza niliusikia ukipasuka menoni mwake. Hakusema kitu. Mwanawe aliokota mpira wavuni, akautazama uwanja, akaupiga mbali.

Yule baba aliyenuna kwenye kikao alipiga kelele mchezo mzima. Mwanawe alicheza ameinamisha kichwa.

Kipindi cha pili kipa wao aligongana na namba tisa akaanguka ameshika tumbo. Mpira ulibaki kwa namba tano wetu, goli tupu, hatua nane. Akautoa nje. Refa, yule yule kijana, safari hii na filimbi ya kuazima, alikuwa bado hajapuliza. Kwa muda palikuwa kimya, kisha yule mzee wa Kisukuma akaanza kupiga makofi na sisi sote tukafuata. Mama mmoja wetu alinung'unika kwamba lile lilikuwa goli la ushindi. Ni kweli, lingekuwa la ushindi; tumetoka 2-2. Mwalimu alimpa namba tano mkono mbele ya wenzake na hakutoa hotuba.

Baada ya mchezo kijana refa alikunywa soda yake yote na kuuliza kama Jumamosi ijayo anahitajika. Mwalimu akamwambia anahitajika, na mshika kibendera pia.

Wageni walikuwa wamekwishaondoka nilipogundua kwamba wamechukua mpira wetu na kutuachia wao. Wa kwao ni saizi namba tano, mzito kwa watoto hawa. Wetu ni namba nne. Baba Kipa ameupakia wa kwao kwenye baiskeli na kusema atawafuata mwenyewe kesho asubuhi, kwa kuwa mzee yule amemwalika chai.